Kanda ya Kupimia Hedifoni

Miaka ile ya tisini, ukitaka kumpata Aristides usingeuliza Aristides. Nani alikuwa anamjua Aristides? Ungesimama kona yoyote kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Msimbazi ukauliza, "Bwana Masikio yuko wapi?" na hata muuza kahawa angekuonyesha kwa kidole: duka la Ashok, pale Mchafukoge, lenye mlango wa chuma wa kijani na fundi redio barazani. Ndani, nyuma ya kaunta ya vioo, ungemkuta mwanamume mrefu, mkimya, shati kalifunga vifungo mpaka shingoni, kafumba macho kama yuko kanisani, hedifoni masikioni. Humsemeshi. Atafumbua macho, atazivua, ataziweka kulia au kushoto. Kulia orijino, kushoto feki. Kesi imekwisha, na rufaa hakuna.

Mnaukumbuka wakati ule, au wengine mlikuwa hamjazaliwa? Miaka michache nyuma yake watu walipanga foleni ya sabuni, na ukikutwa na dawa ya meno ya nje unaulizwa umeitoa wapi. Halafu ghafla, ruksa! Kariakoo ikajaa mali mpaka ikamwagika barabarani. Saa, redio, pasi, wokmani za kutundika kiunoni, na hedifoni za kuchomeka masikioni ili kijana atembee Mtaa wa Kongo akitikisa kichwa peke yake kama mwehu. Na kila kitu kilikuja na pacha wake wa uongo. Vimefanana mpaka unachoka.

Wafanyabiashara wenyewe walikuwa hawaoni wanachonunua. Unaletewa kitabu cha picha kutoka Dubai, unatia alama ya kalamu kwenye unachokitaka, unatuma faksi, halafu unakaa kuisubiri meli. Mbuzi kwenye gunia, jamani, tena gunia lenyewe liko ng'ambo ya bahari. Duka la Ashok lilijulikana kwa hedifoni za Takumo, na Takumo ndizo zilizokuwa zinaigwa kuliko zote. Mwanzoni ilikuwa rahisi. Feki herufi zake zimefifia kwenye boksi, waya wake mgumu kama kamba ya katani, ukizinusa zinanuka plastiki iliyoungua, ukizipima mkononi ni nyepesi. Lakini waigaji nao hawakulala. Haukupita mwaka, boksi la feki likawa zuri kuliko la orijino. Kikabaki kitu kimoja tu wasichoweza kukiiga, nacho ni sauti. Na kwenye sauti ndipo alipokaa Aristides na kanda yake.

Hiyo kanda sasa. Tulieni niwaeleze, maana bila hiyo hakuna hadithi.

Aristides alikuwa mtu wa kusini, huko Masasi, na mkewe alikuwa Scholastika. Mwaka themanini na sita yeye yuko Dar anafanya kazi kiwanda cha nguo, mke kabaki kijijini na mtoto wao wa kwanza na wa pekee, Klara, hajatimiza hata miaka miwili. Scholastika alikuwa mwenye haya sana. Kanisani wenzake wakiimba, yeye anachezesha midomo tu, sauti haitoki. Mumewe alikuwa akimtania: "Wewe Mungu atakujuaje?" Naye hufunika uso kwa khanga akacheka bila mlio.

Barua zilikuwa zinapotea, na kuandika hakukuwa jambo lake. Basi akaenda kwa katekista Gaudens, aliyekuwa na redio kaseti ya parokia, na ambaye watu wote wa pale walimtumia kuandika barua. Gaudens akasema karatasi za nini, siku hizi watu wanatuma kanda. Akachukua kanda ya zamani ya kwaya, akarekodi juu yake. Lakini Scholastika alipowekewa ile mashine mbele ya mdomo, ulimi ukamganda. Gaudens akaona isiwe taabu, akamsemea yeye, kama alivyozoea kuwaandikia watu. Dakika sita nzima: "Nia na madhumuni ya kanda hii ni kukujulisha ya kuwa sisi huku wazima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu. Mkeo Scholastika anasema paa la jikoni linavuja. Mkeo Scholastika anasema kuku wawili wamekufa kwa kideri." Akamaliza kwa salamu za majirani, mmoja mmoja, akatoka nje kwenda kufukuza mbuzi. Mashine akaiacha inazunguka.

Hapo ndipo palipokuwa na Scholastika. Mtoto alikuwa amemlalia mapajani, akashtuka. Mama akavuta pumzi, akamnong'oneza: "Lala, Klara. Lala, mama'ngu. Baba yako anakuja mvua zikiisha." Maneno tisa. Hakujua kama mashine inamsikia. Baada yake ukimya kidogo, halafu kwap! kwaya ya zamani inaingia katikati ya wimbo, mwanamke mmoja anatangulia peke yake, wenzake wanamfuata.

Mwezi wa nne Scholastika akashikwa na homa, siku tatu tu, akafa. Simu ya maandishi ilimfikia Aristides kiwandani siku ya nne. Barabara ya kusini ilikuwa imekatika Rufiji, kama kila masika, na meli haikuwepo. Alikwenda stendi siku tano mfululizo na mfuko wake wa nguo, anarudi nao. Mke akazikwa na watu wengine, yeye hayupo. Mwezi wa sita ndipo mtu mmoja aliyekuja kwa meli akamletea bahasha ya kaki kutoka kwa Gaudens, ndani yake kanda. Aristides akaazima redio ya jirani pale Magomeni, akakaa kitandani akasikiliza paa linavuja, kuku wamekufa, fulani anakusalimu. Halafu akamsikia mkewe. Baba yako anakuja mvua zikiisha. Alilia mpaka jirani akaja kugonga mlango akidhani kuna mgonjwa.

Alikwenda kweli mvua zilipoisha. Akakuta kaburi limeshatitia. Klara akamwacha kwa bibi yake, akarudi mjini na kanda.

Kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Akapata kibarua cha kubeba maboksi kwa Ashok, na huko stoo siku moja akaomba ruhusa ajaribu hedifoni mpya kwa kanda yake. Jozi ya kwanza, akamsikia Scholastika vizuri kuliko alivyowahi kumsikia, mpaka ulimi ukigusa meno. Jozi ya pili, boksi lile lile, jina lile lile: Gaudens anasikika, kwaya inasikika, lakini pale kwenye mnong'ono ni shhhhh tupu. Akaenda kaunta.

"Tajiri, hizi siyo."

Ashok alikuwa mtu mnene, mpole, miwani puani. Alicheka. "Aristidi, wewe beba maboksi. Mimi nauza Takumo tangu ruksa ilipoanza."

Wiki tatu baadaye wateja waliokuwa wamezinunua wakaanza kuzirudisha moja moja, upande mmoja umekufa. Ashok akamwita yule mbeba maboksi, akamvutia kiti nyuma ya kaunta, na kuanzia siku hiyo hakubeba tena kitu. Kila mzigo ukishuka, unapitia masikioni mwake. Wenye maduka ya jirani nao wakaanza kuleta yao. Jina la Bwana Masikio likazaliwa hivyo.

Mnaona raha yake? Nani mwingine Dar es Salaam nzima alikuwa analipwa kumsikiliza mkewe? Mwanzoni alikuwa anaamka asubuhi na furaha, nawaambia kweli, furaha. Anavuka Mnazi Mmoja kwa miguu, mfuko wa shati una kanda, anajua leo atamsikia mara arobaini, hamsini. Anapeleka mbele, anarudisha nyuma, anaishika pale pale kwenye ile pumzi. Ijumaa jioni, kabla ya kufunga, anachukua pamba na spiriti anasafisha kichwa cha wokmani. Pamba inatoka na unga wa kahawia. Anaitupa kwenye kapu.

Lakini mtu huzoea. Huu ndio ukweli, na Aristides mwenyewe alikuja kuukiri baadaye akijipiga kifua. Mwaka wa tatu, wa nne, alikuwa hamsikilizi tena Scholastika. Anasikiliza hedifoni. Mnong'ono ukisikika, kulia. Usiposikika, kushoto. Leteni nyingine.

Megha, binti wa Ashok aliyekuwa akishika faksi na vitabu vya mizigo, ndiye aliyesema mapema. Alikuwa msichana mwerevu, anamheshimu Aristides kama kaka mkubwa.

"Kaka Aristides, hiyo kanda unaitesa. Mpe Nassibu akutolee kopi. Yenyewe ukaiweke nyumbani."

Nassibu alikuwa yule fundi wa barazani. Akadakia: "Dakika kumi tu. Bure, kwa ajili yako."

Aristides akamtazama Megha kama ametukanwa. "Dada Megha, mimi kazi yangu kukamata feki. Halafu mke wangu mwenyewe nimtolee feki?"

Duka zima lilicheka, na Ashok akapiga kaunta kwa kiganja. Ilikuwa kauli nzuri. Watu waliirudia wiki nzima.

Na Klara? Klara alikuwa anakua. Baba alikwenda kumwona kila alipopata likizo na barabara ikamruhusu, na kila akienda, mtoto neno lake moja. Uso wa mama hakuukumbuka. Picha haikuwepo hata moja. Bibi alikuwa amemwambia, sauti ya mama yako ipo, anayo baba yako Dar.

"Baba, umekuja na mama?" Alikuwa na miaka saba alipouliza hivyo, jamani, anapapasa mfuko wa baba yake.

"Vumbi la njiani litaiharibu, mwanangu. Utakuja mwenyewe mjini ukimaliza la saba. Kule ndiko kwenye hedifoni nzuri. Utamsikia kama amekaa hapa."

Alikuwa anaogopa vumbi kweli, na wezi wa stendi. Lakini tusidanganyane, alikuwa anaogopa pia mzigo ushuke bandarini yeye yuko Masasi, kiti chake akalie mwingine. Mtoto akaanza kuhesabu madarasa. La nne. La tano. Kila barua aliyoandika, baada ya salamu, mstari wa mwisho ulikuwa huo huo: Usisahau mama yangu.

Mwaka tisini na nane, baada ya zile mvua za El-Nino zilizoharibu kila kitu, Klara akamaliza la saba. Aristides akamkatia tiketi ya meli ya mwezi wa kumi na mbili. Akanunua kitanda cha pili, akapaka chumba chake cha Magomeni chokaa. Kila mteja akaambiwa: "Binti yangu anakuja." Yeye mkimya yule!

Mwezi wa kumi na moja, wiki ya mwisho, ukashuka mzigo mkubwa kuliko yote. Takumo maboksi makubwa arobaini, ya sikukuu, yaliyotumwa na Pratik, mdogo wake Ashok aliyehamia Dubai. Aristides akafungua la kwanza, akachomeka jozi moja, akafumba macho. Shhhhh. Kushoto. La pili, shhhhh. Kushoto. Kufika saa sita mchana upande wa kulia ulikuwa mtupu kabisa, na kushoto mlima.

"Zote, tajiri."

"Zote? Aristidi, huyu ni ndugu yangu. Tumbo moja."

"Basi naye kapigwa changa la macho huko huko. Zote siyo."

Alisema kwa sauti ya kujiamini, na mbele ya watu. Ashok akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Halafu akamwamuru Megha aandike faksi, na maneno aliyotaka yaandikwe Megha alisita kuyaandika. Ndugu wawili wale hawakuwahi kutoleana neno baya tangu utoto. Faksi ikaenda. Haukupita muda jibu likarudi, mstari mmoja: Nakuja mwenyewe.

Pratik alifika Jumanne, suti imekunjamana, hata chai ya shemeji yake hakunywa. Alikuja moja kwa moja dukani na kanda mpya, bado ina nailoni yake.

"Masikio ni yupi?" akauliza.

Aristides akasimama. "Shikamoo" haikutoka wala "habari" haikutoka. Pratik akachana nailoni, akaweka kanda kwenye wokmani, akachukua jozi moja kutoka kwenye ule mlima wa kushoto, akamchomeka Aristides masikioni kwa mikono yake mwenyewe, akabonyeza.

Ilikuwa ngoma ya Kihindi na filimbi. Aristides akafumba macho kwa mazoea. Akamsikia mpiga filimbi akimeza mate. Akasikia kucha za mpiga ngoma zikikwaruza ngozi. Mtu mmoja kule nyuma, mbali, akivuta kiti.

Akafumbua macho. Watu wote walikuwa wanamtazama. Hakuwatazama. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kopo la biskuti alimokuwa ameweka zile hedifoni zake za kwanza kabisa, zile za stoo, ambazo ubora wake haukuwa na mjadala. Akatoa kanda ya Pratik, akaweka yake. Akapeleka mbele, akarudisha nyuma, akaishika pale.

Shhhhh.

Akarudisha. Shhhhh. Akageuza waya, akapuliza kichwa cha wokmani, akabadilisha betri. "Ngojeni," anasema, "ngojeni kidogo." Akarudisha tena. Shhhhh, halafu kwap! kwaya.

"Nassibu," akaita. "Nassibu, njoo uitazame hii, inanifanyia kisirani."

Nassibu akaja kutoka barazani, akavuta utepe kidogo kwa kalamu, akauinua kwenye mwanga wa mlangoni. Pale ulikuwa umepauka, unakaribia kuonyesha upande wa pili. Akaguna.

"Hapa pamekwisha, Bwana Masikio. Pamechezwa mno. Ule unga unaoufuta kila Ijumaa ulidhani ni nini?"

"Uchafu."

"Siyo uchafu. Sauti ndiyo inakaa kwenye ule unga. Ulikuwa unatoka kidogo kidogo."

Aristides akalitazama kapu la taka pembeni ya kaunta. Ilikuwa Jumanne, Ijumaa ilishapita, kapu lilishamwagwa. Hata hivyo aliinama akaangalia ndani yake. Megha akageukia ukutani, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Hata Pratik aliyekuja na hasira zake za ndege nzima alizirudisha zile hedifoni kwenye boksi taratibu. Ashok ndiye aliyesema, polepole. "Umenitia aibu kwa ndugu yangu, Aristidi." Halafu akauliza, "Na mkeo? Hasikiki kabisa?"

"Hasikiki, tajiri."

Hakufukuzwa. Alipelekwa upande wa pili wa duka, kwenye pasi na feni, ambako hakuhitajiki masikio. Ashok akampa jozi moja ya Takumo kutoka kwenye maboksi yale yale, akisema ni ya Klara, asikatae. Jioni ile alipokuwa anaondoka alisimama barazani kwa Nassibu.

"Ile kopi uliyoniambia. Ungeitoa wakati ule, ningesikia?"

"Ungesikia. Isingekuwa kama yenyewe. Ingekuwa na kelele kidogo."

"Lakini ningesikia."

"Ungesikia, kaka."

Aristides akaondoka. Njia nzima kupita Mnazi Mmoja, alisema baadaye, alikuwa anailaani ile kauli yake nzuri. Angepewa feki siku ile, feki ya kelele, feki mbovu kuliko zote alizowahi kuzitupa kushoto, angeipokea kwa mikono miwili na kupiga magoti.

Wiki mbili zikapita, Klara akashuka melini. Mrefu kama baba yake, mfuko wa korosho kichwani, raba mpya miguuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Safari?"

"Salama. Mama yuko nyumbani?"

Alisema hivyo hivyo, kwa utani, anacheka. Na kicheko chake hakina mlio. Aristides akachukua mfuko wa korosho akatangulia mbele ili uso wake usionekane.

Siku ya kwanza akamwambia umechoka, pumzika. Ya pili akasema betri zimekwisha. Ya tatu akasema kazi nyingi. Huku moyoni anapanga maneno: Klara mwanangu, kaa chini nikueleze. Mama yako alisema maneno tisa tu, na mimi nimeyamaliza. Aliyapanga akinyoa ndevu, aliyapanga akiuza feni. Angeweza kumtamkia yale maneno tisa, anayajua kama Baba Yetu. Lakini alipojaribu peke yake kuyanong'ona kama Scholastika, ilitoka sauti yake mwenyewe, nzito, ya mwanamume. Akagundua anayakumbuka maneno tu. Sauti yenyewe alikuwa ameacha kuisikiliza siku nyingi.

Jumapili, baada ya misa, hakukuwa na kisingizio kingine. Mchana, chumba kinanuka chokaa mpya, Klara amekaa kitandani na gauni lake la kanisani, mikono ameipakata. Aristides akamchomeka zile Takumo. Zilikuwa orijino. Akabonyeza, akakaa kwenye kigoda mbele yake.

Yeye alikuwa hasikii kitu. Alikuwa anausoma uso wa mtoto.

Klara akacheka. "Katekista Gaudens! Baba, alikuwa na sauti ya kijana!" Alipiga kelele kama wapigavyo wote walioziba masikio. Akatulia. Paa la jikoni. Kuku. Akawa anatikisa kichwa kila jirani akitajwa, wengine walishakufa. Aristides aliijua kila sekunde. Sasa Gaudens anaaga. Sasa anatoka. Sasa mbuzi.

Sasa.

Klara akakunja uso. Akaibana hedifoni ya kulia kwa kidole, akainamisha kichwa. Midomo ya Aristides ilikuwa inatembea bila yeye kujua: Lala, Klara. Lala, mama'ngu. Mtoto akamtazama, macho yanauliza. Baba akafungua kinywa. Klara mwanangu, kaa chini nikueleze.

Na mara uso wa Klara ukafunguka wote.

"Baba!" akapaza sauti. "Anaimba!"

Ilikuwa kwaya. Ni yule mwanamke anayetangulia peke yake, mtu wa parokia gani sijui, jina lake hakuna anayelijua. Klara alikuwa amesimama, viganja vimefunika masikio asikose kitu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na meno yote nje.

"Huyu ndiye? Huyu anayetangulia? Baba, mbona bibi hakuniambia kama mama alikuwa anaimba hivi?"

Siyo. Neno fupi. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Miaka kumi alikuwa analisema kwa watu wazima wenye mali zao, matajiri wa Kariakoo, mbele ya wateja, bila kupepesa jicho. Siyo, peleka kushoto. Aliangalia mikono ya binti yake ilivyoshikilia yale masikio.

"Ndiye," akasema.

"Una uhakika, baba?"

"Waulize watu wote mjini hapa. Mimi sikosei."

Jumatatu asubuhi alimkuta Nassibu barazani anapanga bisibisi zake. Akamwekea kanda mezani.

"Nitolee kopi tatu."

Nassibu akaitazama, akamtazama na yeye. "Kuanzia wapi?"

"Kuanzia kwenye kwaya. Na ukishamaliza, ya kwanza kaa nayo wewe, usimpe mtu. Moto ukitokea, au wezi."

Fundi akaichukua. Bei hakutaja.

Aliporudi Magomeni jioni, kopi mbili mfukoni, alisikia wimbo kabla hajaingia uani. Klara alikuwa bombani na wanawake wa nyumba ile, anakinga maji, anaimba ule mstari wa yule mwanamke, pumzi kwa pumzi. Mtoto wa Scholastika, na sauti inatoka, tena kubwa.

"We binti unaimba!" mpangaji mmoja akamwambia. "Umejifunzia wapi?"

"Kwa mama yangu," Klara akasema, akasogeza ndoo.

Aristides akawasalimia, akapita, akaingia ndani. Akaziweka zile kanda mbili juu ya kitanda cha Klara, upande wa kulia.